Meko Yetu Wakati wa Kipupwe

Mara nyingi nchi yetu huelezwa kuwa ni nchi ya jua. Wageni waiandikapo huanza na mnazi, bahari na joto. Na hata sisi wananchi wenyewe, hasa tuliokulia mwambao, tumezoea kudhani kwamba baridi ni jambo la Ulaya, la watu wavaao makoti mazito na kujifungia ndani miezi mitatu. Dhana hiyo si sahihi. Yeyote aliyepata kulala Njombe, Makete au Mufindi katika mwezi wa Julai anajua kwamba Tanzania nayo ina majira yake ya baridi, na kwamba lugha yetu imekwisha kuyapa jina tangu zamani. Jina hilo ni kipupwe.

Kipupwe huingia mwezi wa Juni, mvua zikiisha kukatika, na hudumu hadi Agosti. Wakati huo jua liko upande wa kaskazini wa Ikweta, nasi tulio kusini yake hulipata kwa upande; na upepo wa kusi huvuma kutoka baharini. Mwambaoni upepo huo hupunguza joto tu, watu wakaburudika. Lakini katika Nyanda za Juu Kusini mambo ni mengine. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600 na zaidi. Huko upepo huo huo huleta ukungu mzito na manyunyu ya siku nzima. Na ukifuatia usiku wa mbingu angavu, huja jalidi. Umande huganda juu ya majani, na alfajiri mtu huyakuta mabonde yamekuwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi. Jua lichomozapo, majani ya viazi katika vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi, hunyauka na kuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Nia yetu katika maelezo haya ni kusimulia maisha ya nyumba moja, nyumba yetu, katika majira hayo: jinsi tulivyopika, tulivyokula, tulivyogombana na tulivyopatana. Msomaji aweza kuuliza, mambo ya sufuria na kuni yanahusianaje na utamaduni wa taifa? Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza ameshika kazi ya Urais, alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na alisikitika kwamba wengi wetu tulijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwetu. Tangu hapo tumezoea kuutafuta utamaduni uwanjani, penye ngoma na mavazi. Twafanya vema. Lakini twadhani yafaa utafutwe pia jikoni, ambako hauna watazamaji, na ambako kila siku watu huamua bila kusema ni nani afanye kazi na ni nani angoje.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu, aliye mume, alizaliwa na kukulia Tanga. Mwingine, aliye mke, ni Mbena, mzaliwa wa Njombe. Tulioana mwaka 1986, na mwezi wa Juni 1987 mume alihamishiwa Njombe kikazi, tukapanga nyumba ya vyumba viwili yenye bati juu na jiko la kuni upande wa nyuma. Pale itakapolazimu kututenga tutasema mume na mke. Kwingine kote tutasema sisi, kwa sababu makosa na mafunzo yanayosimuliwa humu tumekwisha kukubaliana kuwa ni ya wote wawili.

Hatuna budi kueleza kwanza kila mmoja wetu alitoka katika jiko la namna gani. Katika nyumba aliyokulia mume, jiko lilikuwa uani. Wanawake walikaa huko juu ya mbuzi wakikuna nazi, na mtoto wa kiume akiisha kupata akili alifukuzwa. Mahali pake palikuwa barazani, pamoja na baba zake, wakingoja sinia. Joto la mwambao lilikuwa likiisaidia desturi hiyo, kwani ni nani atakayetamani kukaa karibu na moto, Tanga, mwezi wa Februari? Katika nyumba aliyokulia mke, meko yalikuwa katikati ya nyumba ya kupikia: mafiga matatu, na kuni za miwati, mti uliopandwa kwa wingi Njombe tangu mashamba yake makubwa yalipoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yatumikayo kutengenezea ngozi. Wakati wa kipupwe babu, bibi, watoto, na hata vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa usiku, wote walikusanyika hapo. Babu alikuwa na kigoda chake upande usioelekea moshi. Hata hivyo babu aliota moto tu. Hakupata kushika mwiko maisha yake yote. Jambo hilo tutalirudia.

Kipupwe chetu cha kwanza kilianza kwa kioja. Mama yake mume alikuwa ametupa chupa mbili za mafuta ya nazi. Asubuhi ya kwanza tuliyakuta yameganda, meupe, magumu kama mshumaa. Mume, ambaye kwao aliyajua yakiwa maji karibu mwaka mzima, alidhani yameharibika akataka kuyatupa. Mke aliichukua chupa akaiweka kando ya meko, na baada ya kitambo kidogo mafuta yakawa yanacheka ndani ya chupa. Baadaye tulikuja kujua kwamba mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, nasi tulikuwa mahali ambapo usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujua kwamba kicheko hicho kingetutosha kwa muda mfupi tu.

Jioni ya siku ya tatu mke aliinjika maharage saa nane mchana. Saa moja usiku yalikuwa bado magumu. Mume aliyekuwa amekaa chumbani, amejifunika blanketi, aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili. Na chakula kilipowekwa mbele yake akauma punje moja, akaitema.

“Mama yangu hupika maharage kwa saa mbili tu, yakawa laini,” alisema. “Wewe kwenu hamkufundishwa?”

“Huku maharage ndivyo yalivyo, bwana,” mke alijibu. “Leo sikuwahi kuyalowesha.”

“Maharage ni maharage. Hayajui huku wala kule.”

Mke aliiondoa sahani, akainuka. Mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ya chini, “Kesho ni Jumapili. Utayapika wewe. Mimi nitakaa hapo kwenye blanketi, nikuulize kama yameiva.”

Kwa kuwa mume alikuwa mtu mkaidi, alikubali. Jumapili hiyo aliinjika maharage saa nne asubuhi, akiwa na hakika kwamba adhuhuri atakuwa amekwisha kushinda. Alijifunza mengi kabla ya adhuhuri. Alijifunza kwamba moto wa kuni hautaki kuachwa. Ukiupa kisogo kidogo, unazimika, na ukiupulizia kwa pupa, majivu yanakurudia machoni. Alijifunza kwamba kuni zilizolala nje katika ukungu hutoa moshi kwanza na moto baadaye. Alichochea mpaka maji yakaruka nje ya sufuria, akaongeza kuni, akaongeza tena, na maharage hayakujali. Alipoyaepua, jua lilikuwa likizama, na bado yalikuwa na ugumu kati. Mke hakucheka. Aliyala yote, kisha akasema, “Ahsante kwa chakula.” Neno hilo lilimwuma mume kuliko matusi, maana alikumbuka kwamba tangu tufunge ndoa yeye hakupata kulitamka.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa sayansi, ndiye aliyetufumbulia jambo lenyewe. Alitueleza kwamba katika sehemu za juu uzito wa hewa inayokandamiza maji ni mdogo, na kwa hiyo maji huchemka mapema. Tanga, penye usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100; Njombe huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Yakiisha kuchemka hayazidi kupata moto hata mtu achome msitu mzima chini ya sufuria; kuni zinapotea bure, na maji yanakauka. Kwa hiyo chakula kigumu kama maharage na mahindi makavu hakina budi kukaa motoni muda mrefu zaidi. Kumbe mlima wenyewe ndio uliokuwa ukituchelewesha, na lawama alikuwa akizibeba mpishi.

Mume aliomba radhi. Tukaanza kupika kama walivyopika wazee wa kipande hicho cha nchi, ambao hawakuwa na kipimajoto lakini walilijua tatizo lao barabara. Maharage huchaguliwa na kulowekwa tangu jioni iliyotangulia. Sufuria au chungu hufunikwa vema. Maji ya kuongeza huwekwa kando ya moto yapate joto, kwani maji ya baridi huurudisha nyuma uchemkaji. Moto ukiisha kushika hupunguzwa, ukaachwa mdogo na wa kudumu. Mambo hayo ni elimu, ingawa hayakuandikwa popote, na aliyekuwa nayo ndani ya nyumba yetu alikuwa mmoja tu.

Kipupwe cha pili kilikaribia kututoa roho. Ilikuwa Julai 1988, nasi tulikuwa tumejaliwa mtoto wa miezi minne. Usiku mmoja baridi ilizidi, tukaona vema tuliingize jiko la mkaa chumbani. Tuliziba dirisha kwa magunia, tukasokota kanga kuukuu chini ya mlango, tukalala tukijisifu kwa werevu. Usiku wa manane mke aliamka ili kumnyonyesha mtoto. Kichwa kilimgonga, moyo ulimchafuka, na miguu ilikataa kumchukua. Alimtikisa mume, asiamke. Akatambaa mpaka mlangoni huku mtoto yuko kifuani, akaufungua, akaanguka kizingitini. Mtoto alipopigwa na baridi alilia, na kilio hicho hatujapata kusikia sauti iliyo tamu kuliko hicho. Kisha mke alirudi ndani akamburuta mume kwa mikono miwili.

Ni lazima tuliseme jambo hili waziwazi, kwa kuwa watu wangali wakilirudia. Mkaa unaowaka mahali paliposongamana hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, haikoozeshi wala haitoi machozi. Huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni, mtu akalala asiamke tena. Mkaa kutotoa moshi si dalili kwamba hauna madhara. Tangu usiku ule hatukuruhusu tena moto uingie chumba cha kulala. Tuliweka chupa za maji ya moto chini ya mablanketi, tukahamia jikoni kuanzia machweo hadi saa ya kulala, mlango ukiwa wazi kiasi na moshi ukipata njia ya kutokea.

Hivyo ndivyo kipupwe kilivyotukusanya. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, lakini baridi ilitufundisha kwamba tulikuwa na moto mmoja. Mwanzoni mume alikaa tu. Lakini kukaa bure karibu na mtu anayefanya kazi ni jambo gumu. Mikono huona haya ikatafuta la kushika. Siku moja alichukua kisu akaanza kumenya viazi. Alimenya vibaya, akatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda, na mke akamwonyesha namna ya kukigeuza kiazi badala ya kukigeuza kisu. Baadaye alichagua maharage katika ungo. Baadaye tena alijaribu kusonga ugali, akagundua kwamba ugali wa watu watatu unataka bega kama la mkata miti.

Siku zetu za kipupwe zilikuwa na utaratibu wake. Alfajiri, dirisha likiwa bado limeziba kwa ukungu, tulikunywa uji wa ulezi, mzito, wenye joto la kupasha vidole vilivyoshika kikombe. Mchana ulikuwa wa ugali na mboga za majani, au viazi vya kuchemsha vilivyoliwa na chumvi kwa haraka, kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi yake. Usiku ulikuwa wa kande, mahindi na maharage pamoja, zilizochemka polepole tangu alasiri. Nguo za mtoto zilining'inia kwenye kamba juu ya meko, maana nje hazikukauka siku tatu. Ndani ya duara hilo la moto tulipanga mambo yetu yote: ada, deni la dukani, mbegu za mwaka unaofuata, ugonjwa wa wazazi. Mke alimfundisha mume Kibena kwa vitendawili, na mume akamlipa kwa vitendawili vya mwambao. Mtoto akapata vyote viwili, na Kiswahili kikawa ndicho kiungo.

Hapo ndipo tulipozungumza pia habari ya vyakula vyenyewe. Mume alipenda kusema kwamba kande na viazi ni vyakula vya asili vya wenyeji wa Njombe, kama nazi ilivyo ya kwao. Lakini mahindi na viazi mviringo asili yake ni Amerika, na hata maharage haya tuyapikayo yalivuka bahari kutoka huko huko. Katika sufuria yetu mwenyeji wa kale alikuwa ulezi tu, ambao umelimwa Afrika tangu enzi na enzi. Tulijifunza hapo kwamba asili si kitu kilichosimama. Mgeni akipikwa miaka mingi kwa mikono ya watu wa mahali, akapewa jina na adabu yake, huwa mwenyeji.

Julai 1990 mama yake mume alikuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, ambao kwa wakati huo walikuwa wawili. Alifika jioni, na alipopelekwa nyuma kunawa mikono alimkuta mwanawe amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, beseni la viazi kati ya miguu.

“Mwanangu,” alisema, “umepatwa na nini?”

“Baridi, mama,” mume alijibu.

Mama hakusema neno. Alirudi chumba cha mbele, akakaa peke yake juu ya kiti, amejitanda kanga mbili na blanketi, kama mgeni mwenye heshima zake. Alivumilia kadiri ya nusu saa. Kisha tulisikia mkeka ukiburutwa, na mama akaingia jikoni akautandika karibu na moto kuliko sisi sote. Alitazama sufuria, akatazama beseni, akakifungua kikapu alichokuja nacho, akatoa nazi mbili.

“Haya, mkaza mwanangu,” alisema, “nipe mbuzi. Viazi vitupu namna hii vinanikaba.”

Usiku ule viazi vya Njombe na maharage yaliyolowekwa jana vilipikwa kwa tui la nazi za Tanga. Mama alikuna, mume alimenya, mke alipika, na mtoto mkubwa alilishika kung'uto. Hatujui kama chakula hicho kina jina. Nyumbani kwetu mpaka leo chaitwa chakula cha bibi. Mama alikaa wiki tatu, na siku ya kuondoka, kituo cha basi, alimvuta mwanawe kando akamwambia, “Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Lakini hakupata kunimenyea hata kitunguu kimoja. Sikujua kama jambo hilo lawezekana.”

Laiti maelezo yetu yangeishia hapo, yangekuwa mazuri, na mume angeonekana shujaa. Kwa hakika yeye mwenyewe alijiona hivyo, na aliwasimulia wenzake kazini maneno ya mama yake. Lakini kipupwe kina mwisho. Septemba iliingia, ukungu ukainuka, jua likarudi. Na mume, bila kuamua wala kutangaza, alirudi barazani na redio yake. Kisu cha viazi kilirudi mkononi mwa mke. Jioni moja ya Oktoba mume aliita kutoka barazani, “Chakula bado?”

Mke alitoka akasimama mbele yake, majivu yakiwa kwenye nyusi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyegundua hesabu ilikosewa mahali fulani huko nyuma:

“Kumbe ulikuwa ukiota moto, bwana. Mimi nilidhani unapika.”

Hapo tulimkumbuka babu na kigoda chake. Ni rahisi sana kusifu meko, kuyaita kitovu cha jamaa na hazina ya mila zetu, kama mtu hukaa upande usioelekea moshi, tena kwa miezi mitatu tu. Mke alikuwa akiyakabili meko hayo miezi yote kumi na miwili. Macho yake yalikuwa mekundu tangu usichana, na kikohozi chake, tulichokuwa tukikiita kikohozi cha baridi, hakikuondoka baridi ilipoondoka. Leo yajulikana wazi kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba hudhuru mapafu na moyo, na kwamba wanawake na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wakaao karibu nao. Wakati huo sisi tulikuwa na ushahidi wa kutosha katika kifua cha mtu mmoja, lakini hatukuusikiliza.

Yafaa tukumbushe kwamba taifa letu lilikuwa limekwisha kulitafakari jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za mume na mke, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika juhudi hizo. Basi kumenya, kuchota maji, kuchanja kuni na kulea ni kazi mbele ya sheria. Sisi tuliijua hukumu hiyo kwa kuisikia, kama watu wengi. Lakini kwa namna fulani tulidhani ni habari ya wanaoachana. Hatukufikiri kwamba wanaobaki pamoja nao wanaihitaji.

Tulifanya mapatano, na hatutaki kuyapamba. Uji wa asubuhi ukawa wa mume, mwaka mzima. Jumapili ikawa yake kutwa. Kuni zikawa zake. Majirani walisema kwamba amekaliwa, na wengine walimwuliza kwa mzaha dawa aliyolishwa ilitoka wapi. Na zipo jioni nyingi ambazo mume alisahau, akaketi, akakumbushwa. Mwaka 1993 tulijenga jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje. Tuliona ajabu jinsi kuta zilivyoacha kuwa nyeusi, na jinsi tulivyopata kuonana nyuso tukizungumza. Kikohozi cha mke kilipungua, ingawa hakikwisha.

Siku hizi tumezeeka, na mambo ya jikoni yanabadilika tena. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Watoto wetu wametununulia jiko la gesi. Wako watu wanaohuzunika kwamba mafiga yakiondoka na mazungumzo yataondoka, na vitendawili navyo. Huzuni hiyo twaielewa. Ni kweli kwamba gesi huivisha sufuria lakini haipashi nyumba moto. Na katika Njombe ya Julai jambo hilo si dogo, ndiyo maana jiko letu la bomba lingali likiwashwa usiku wa baridi kali. Lakini tukiwasikiliza wanaohuzunika, mara nyingi twaona kwamba si wao waliokuwa wakipuliza kuni.

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Methali hiyo husemwa sana harusini. Sisi twaongeza tu kwamba figa halichagui majira. Likikaa chini ya chungu wakati wa kipupwe, hukaa pia wakati wa jua. Kama tunataka kulihifadhi jiko letu katika hazina ya utamaduni wa taifa, basi na tuuache moshi wake uende zake, na tuihifadhi ile duara ya watu: wakubwa na wadogo, wa pwani na wa bara, kila mmoja ana kitu mkononi.

Tunamaliza maelezo haya katika usiku wa Julai. Nje ukungu umefika mpaka dirishani. Maharage ya kesho yamekwisha kuchaguliwa na kulowekwa, na sufuria imefunikwa. Kesho ni Jumapili, zamu ni ya mume, nasi twajua kwamba yatachukua muda mrefu kuiva.